Sakafu ya Vijigae Milioni Kasoro Themanini na Kimoja

Umma unatangaziwa, waliokaa wasimame na waliosimama wavue kofia, kwamba namba 999,919, yaani laki tisa tisini na tisa elfu, mia tisa na kumi na tisa, iliyokuwa imethibitishwa na wasomi kumi na mmoja kuwa haina ndugu wala jamaa, imepatikana ikiwa na wazazi wawili, wote wazima, wote wa heshima. Aliyewapata si daktari wa falsafa. Hana joho, hana tanbihi, na andiko lake refu kuliko yote ni orodha ya kwenda dukani. Ni fundi vigae. Ana magoti mawili mabovu, na alipoombwa atoe tamko juu ya ugunduzi huo mbele ya watu mia sita, alitoa la maneno matatu. Tutalifikia. Tusisukumane.

Mtaani wanamwita Mama Mraba. Jina alipewa na wateja, na si wote waliokuwa wakimsifu. Ukimwita aje kuweka vigae bafuni, hagusi saruji kwanza. Anapita kona zote nne na kipande chake cha mbao chenye pembe mraba, anakisukuma kwenye kona, anachungulia, anaguna. Akiguna mara moja, kona ina nafuu. Akiguna mara mbili, mwenye nyumba hutafuta mahali pa kukaa. Bwana mmoja aliyejenga kwa miaka tisa, tofali moja moja, alisikia miguno minane katika kona nne akamuuliza, "Mama, kwani umekuja kuweka vigae au kutoa rambirambi?"

Baba yake, naye fundi vigae, hakumfundisha jedwali la kuzidisha. Alimmwagia mabaki ya vigae sakafuni akamwambia, "Jenga chumba." Vigae kumi na viwili vinatoa chumba: vitatu kwa vinne, au viwili kwa sita. Kumi na vitatu havitoi. Uvipange utakavyo, ama kimoja kinazidi ama vingine vinapungua, na mwishowe unakata tamaa unavilaza kwenye mstari mmoja kama uzi. Kwa hiyo nyumbani kwao namba zilikuwa za aina mbili tu: za chumba na za uzi. Alipofika shuleni mwalimu akamweleza kwamba hizo za uzi huitwa namba tasa, kwa kuwa hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Akaandika daftarini ili mwalimu asijisikie vibaya, akaendelea kuziita za uzi.

Maneno hayo yalimganda hata kwenye mambo ya watu. Mume wake, dereva wa lori mstaafu, ambaye hutoa sentensi moja asubuhi na ya pili akijaliwa, ni uzi. Wifi yake, dada wa huyo huyo mume, ambaye ndiye hujaza rojo jeupe kwenye mianya baada ya vigae kukauka, ni chumba, tena chenye madirisha pande zote.

"Kaka yako leo kasema 'chumvi'," Mama Mraba humwambia asubuhi wakienda kazini.

"Imezidi au imepungua?"

"Hakufafanua."

Kitu kimoja kilikuwa kinamla moyo. Alikuwa ametandika sakafu kwa miaka arobaini na hakuwa na hata moja ya kuonyesha. Ile ya hoteli ilibomolewa mwenye hoteli alipobadilisha mke. Ile ya benki ilifunikwa zulia. Ile ya zahanati ilipasuliwa katikati na watu wa mabomba, wakaahidi kurudi. Hata ya jikoni kwake mume aliitoboa tundu, na sentensi yake ya siku hiyo ilikuwa "Nilidhani ni ukuta." Kisha daktari akamtazama magoti kwenye picha, akamwambia yamebakiza sakafu moja tu, na isiwe kubwa.

Akatoka pale akaenda kutafuta kubwa. Moja tu, itakayobaki.

Chuo kikuu kilikuwa kinajenga ukumbi wa sherehe. Ukumbi wenyewe ungekuwa mraba, mita ishirini kwa ishirini, na sakafu yake ingetandikwa vijigae vya buluu, kila kimoja pamoja na mwanya wake kikichukua sentimita mbili. Elfu moja kwa elfu moja: milioni. Mtu mwenye akili angeishia hapo akaenda kula. Chuo kikaunda Kamati ya Namba.

Kamati ilikaa miezi minne. Milioni ikakataliwa kwa kuwa ni namba ya bahati nasibu. Ikaamuliwa kwamba sakafu ya chuo sharti iwe na namba tasa ya vijigae, isiyogawanyika, kama chuo chenyewe kisivyogawanyika, ingawa mwaka huo kilikuwa na makundi matatu ya wahadhiri wasiosalimiana na mawili yanayosalimiana kwa barua. Mwenyekiti wa kamati alikuwa profesa wa hesabu ambaye wanafunzi walimwita Profesa Baki, kwa sababu kila alichogawa ubaoni kilimwachia baki, na baki hiyo ilimhuzunisha hadi kengele.

Profesa Baki akaleta pendekezo safi. Kwenye kona moja karibu na mlango kiachwe kiraka kitupu cha tisa kwa tisa, pasimamishwe nguzo yenye bamba la shaba. Milioni ukiondoa themanini na moja unapata 999,919. Na hiyo, alisema, ni tasa. Kujua kama namba ya ukubwa huo ni tasa unaigawa kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu moja, na hizo ni mia moja sitini na nane. Yeye aligawa kwa kalamu, kwa kuwa kikokotoo alikiona kama ulevi. "Nimegawa," aliwaambia wenzake kwa sauti iliyochoka, "na kila mara, baki." Wakapiga makofi. Bamba likachongwa: NAMBA ISIYOGAWANYIKA.

Vijigae vililetwa kwenye makasha elfu moja, kila kasha elfu moja kamili, na kasha moja la akiba pembeni. Themanini na kimoja vikaondolewa rasmi, mbele ya mashahidi watatu waliotia saini fomu ya nakala nne, kisha vikakabidhiwa kwa fundi aliyepewa kazi hiyo "kwa ajili ya kuangamizwa kwa utaratibu". Mama Mraba akavimimina kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunga kifuniko, akaliweka kopo kwenye mkoba wake wa mwiko. Huo ndio ulikuwa utaratibu.

Siku ya kwanza alipima ukumbi na kipande chake cha mbao. Kona zote nne zilikuwa safi, hakuguna hata mara moja, na wifi yake akaanza kuingiwa na wasiwasi. Halafu akapima urefu. Akaguna mara nne mfululizo.

"Nani kajenga hizi kuta?" aliuliza.

Msimamizi wa waashi alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Ukuta wa mlangoni ulikuwa umeingia ndani sentimita kumi na nane, alikiri, kwa sababu nje kulikuwa na jiwe lililokataa kung'oka. "Lakini usijali, mama. Ule wa madirishani, unaokutana nao kwenye kona, tumeutoa nje sentimita kumi na nane hizo hizo. Tulichopunguza huku tumeongeza kule. Ukubwa ni ule ule."

"Si ule ule."

"Ni ule ule, mama. Kumi na nane na kumi na nane."

"Haya," alisema, na wifi yake anayemfahamu akajua kwamba huyo bwana amefutwa kwenye orodha ya watu wa kubishana nao.

Akaenda ofisini kueleza kwamba ukumbi si mraba. Akaambiwa afuate mchoro. Akasema mchoro ni wa ukumbi mwingine. Akaambiwa mchoro umepitishwa, ukumbi ndio haujapitishwa.

Jumapili mchana alikaa sakafuni jikoni kwake, miguu kainyoosha, akamwaga lile kopo. Kwa kuwa hakuwa na vijigae milioni, alipanga mraba mdogo wa nane kwa nane, akaacha kona moja tupu ya tatu kwa tatu, kama kamati ilivyotaka. Vilikuwa hamsini na vitano. Wifi alikuwa kwenye kiti anamenya viazi.

"Sasa huu upande wa mlango," Mama Mraba alisema, "ukuta umeingia. Safu tatu za mwisho hazina pa kukaa. Nazitoa." Akazitoa. Kila safu ilikuwa na vijigae vitano, si vinane, kwa kuwa kona ilishakula vitatu. "Na upande wa dirisha kumeachwa uwazi wa safu tatu. Urefu wa uwazi ni huu uliobaki. Ngapi?"

Wifi aliinama na kisu mkononi. "Vitano."

"Vitano." Akazigeuza zile safu tatu, akazisimamisha upande wa dirisha. Zikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Mbele yao palikuwa na chumba kamili, vitano kwa kumi na moja, hakina kona iliyotobolewa wala kijigae kilichozidi.

"Kumbe waashi wamekusaidia," wifi alisema.

"Wamenisaidia." Mama Mraba alikuwa bado anatazama chini. "Kule chuoni si tatu, ni tisa. Natoa safu tisa za mlangoni, nazigeuza, nazipeleka madirishani. Chumba kinakuwa mia tisa tisini na moja kwa elfu moja na tisa. Wifi."

"Nipo."

"Hiyo namba yao si ya uzi."

"Wamesema haigawanyiki. Wameichonga kwenye shaba!"

"Ni ya chumba, wifi. Tena wao wenyewe ndio walioichora. Ukishaukata mraba kona ya mraba, hicho kilichobaki lazima kigeuke chumba. Tatu, tisa, mia, chochote."

Wakati huo mume aliingia kuchukua maji, akatazama vijigae, akatazama mke wake. "Imenyooka," alisema, akatoka. Wanawake wakatazamana. Ilikuwa ndiyo sentensi yake ya pili siku hiyo.

Alijaribu kusema. Tusije tukadai baadaye kwamba alificha. Kila Ijumaa Profesa Baki alifika mlangoni, hakuingia kwa kuogopa kuchafua viatu, na kwa kuwa sehemu iliyokwisha ilifunikwa turubai hakuona kitu zaidi ya turubai. Alisimama pale mikono nyuma kama mtu anayetembelea wodi.

"Mmefika ngapi?"

"Laki mbili na kidogo. Profesa, hii namba yako ni ya chumba."

"Vizuri sana. Endeleeni."

"Namaanisha inagawanyika."

Profesa alitabasamu kwa upole, kama unavyomtabasamia mgonjwa anayeuliza kama dawa ni chungu. "Mama, hesabu tuachie sisi."

"Haya," alisema Mama Mraba, na profesa naye akafutwa kwenye ile orodha.

Miezi saba walipiga magoti, yeye na wifi na mafundi wanawake watatu, kila mmoja na mto wa sponji chini ya goti, kila mmoja na vijigae vyake elfu moja na ushei kwa siku. Asubuhi walivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta. Kila safu ilipokwisha, Mama Mraba aliikagua kwa ncha ya kidole, macho kafumba, kama anayesoma. Kilichopasuka kilibadilishwa kutoka kasha la akiba, kimoja kwa kimoja, na vipande vyake vikahifadhiwa ili mtu asije akasema neno. Wifi alikuja nyuma na rojo lake jeupe, akijaza mianya na kusimulia habari za mtaa mzima, hivi kwamba leo kuna sehemu ya ukumbi ule ambayo chini yake kumezikwa talaka mbili na ugomvi wa uzio.

Safu ya mwisho ilipokwisha, Mama Mraba hakuweza kusimama. Wenzake walimnyanyua kwa makwapa. Akiwa hewani hivyo, miguu haijagusa chini, alisema, "Hii itabaki."

Siku moja kabla ya uzinduzi wakaja kukagua. Mkuu wa Chuo alikuwa mama mmoja mfupi, daktari wa mifugo kwa taaluma, mtu aliyezoea wagonjwa wasioeleza wanaumwa wapi, kwa hiyo alikuwa na tabia ya kuangalia. Nyuma yake katibu muhtasi wake na daftari, na nyuma yake Profesa Baki na bamba la shaba mikononi kama kapewa mtoto.

Turubai likavutwa. Buluu ikatandaa ukuta hadi ukuta.

"Mama, pole na kazi," alisema Mkuu wa Chuo.

"Nimeshapoa, Mheshimiwa."

"Kona iko wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Profesa Baki.

"Ziko nne, Profesa. Zote mraba."

"Kona yangu! Tisa kwa tisa! Pa kusimamisha nguzo!" Akazunguka, akaangalia kona ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza kana kwamba ingebadili mawazo. "Umeijaza! Umechukua vile themanini na kimoja ukaijaza! Sasa sakafu ina milioni. Milioni! Mheshimiwa, kesho tutazindua namba ya bahati nasibu."

"Sijaijaza."

"Nileteeni tindo," alisema profesa, na pale nje hakukosekana mwashi wa kumpa. "Tunaipasua kona hii sasa hivi, tisa kwa tisa, sentimita kumi na nane. Kitu kidogo."

Mama Mraba alisogea akasimama juu ya ile kona. "Ukigonga tindo hapa, vya jirani vitalegea. Vikilegea maji yataingia. Baada ya mwaka nusu ya ukumbi itakuwa imenyanyuka, nanyi mtaweka zulia. Nawajua nyie. Mtaweka zulia."

"Mama, namba ni namba."

"Wifi," alisema Mama Mraba, "kopo."

Wifi akalitoa mkobani. Mkuu wa Chuo mwenyewe akachutama, akalimwaga, akahesabu kwa kidole kama anayehesabu vifaranga. Themanini na kimoja.

"Hawa hapa hawajaenda popote," alisema. "Profesa, hakujaza."

"Basi kakosea kuhesabu!"

"Safu mia tisa tisini na moja," alisema Mama Mraba, "na kila safu ina elfu moja na tisa. Hesabu. Mimi nasubiri, sina haraka, magoti yenyewe hayaendi popote."

"Haiwezekani." Profesa aliliweka bamba chini, taratibu. "999,919 ni tasa. Namba tasa haipangiki kwa mstatili. Ingekuwa na mstatili ingegawanyika, na ingegawanyika isingekuwa..."

"Endelea, baba," wifi alimtia moyo. "Unakwenda vizuri."

Mkuu wa Chuo alikuwa bado amechutama. "Mama, nionyeshe umefanyaje." Mama Mraba akampangia nane kwa nane yenye kona ya tatu kwa tatu iliyotolewa, akamweleza habari za ukuta ulioingia na ukuta uliotoka. Hakumalizia. Mkono wa Mkuu wa Chuo ulishazishika zile safu tatu, ukazigeuza, ukazisimamisha upande wa ukuta uliotoka. Akatazama alichofanya. Akazirudisha. Akazigeuza tena, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

"Katibu," alisema bila kuinua kichwa, "gawa ile namba kwa mia tisa tisini na moja."

Katibu muhtasi alitoa kikokotoo kwenye mkoba. Profesa aligeuza uso kwa adabu. Vidole vikagonga.

"Elfu moja na tisa."

"Na baki?"

"Hakuna baki."

Profesa alitoa daftari mfukoni, dogo, jeusi, limejaa hesabu za kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Alilifungua kurasa za nyuma na kidole chake kikashuka: 971, baki. 977, baki. 983, baki. Chini ya hapo palikuwa na duara la kahawia la kitako cha kikombe.

"Nilifanya mia moja sitini na sita," alisema.

"Kati ya?"

"Mia moja sitini na nane."

"Zikabaki zipi?"

"Mia tisa tisini na saba." Akalifunga daftari. "Na mia tisa tisini na moja."

"Na kwa nini hukumalizia?"

"Chai ilikuja."

Wifi alificha uso kwenye kanga yake. Mabega tu ndiyo yaliyoonekana yakipanda na kushuka.

"Lakini kuna njia!" Profesa aliinua kichwa, tindo mkononi, macho yamewaka upya. "Tukitoa vijigae viwili tu, viwili, Mama, popote utakapochagua wewe, tunapata 999,917. Hiyo nina hakika kabisa ni tasa."

"Umeigawa?" aliuliza Mkuu wa Chuo.

"Nina hisia nzuri nayo."

"Weka tindo chini, Profesa."

Akaliweka chini. Na hapa lazima tumtendee haki, maana si mtu mbaya, ni msomi tu. Alivua viatu, akavua na soksi, moja ilikuwa na tundu, akatembea peku juu ya sakafu ile hadi upande wa madirishani. Akainama. Akatafuta mahali zile safu tisa zilipoungana na nyingine. Alitafuta kwa macho, kisha kwa kiganja, kisha akalala kifudifudi na suti yake, shavu sakafuni, jicho moja limefumbwa.

"Kiungo kiko wapi?" aliuliza kutoka huko chini.

"Ungekiona," alisema Mama Mraba, "ningekuwa nimekosea."

Profesa akaanza kucheka. Alicheka akiwa amelala vile vile, akipiga sakafu kwa kiganja, na alipoinuka alikuwa na alama ya mianya imejichora shavuni, miraba midogo midogo. Akamwomba Mama Mraba ampangie tena ile ya nane kwa nane. Akamwomba mara tatu.

Likabaki bamba. Kulifuta haiwezekani, kuchonga jingine ni wiki mbili, na uzinduzi ni kesho. Mchongaji aliitwa, akapima kwa rula, akasema chini ya maneno yale kuna nafasi ya neno moja fupi, zaidi ya hapo haponi mtu. Kamati ya Namba ingehitaji miezi minne kulipata. Wifi alilipata akiwa anafuta ndoo, na ndivyo linavyosomeka hadi leo pale ukutani, kwa shaba, kwa herufi kubwa: NAMBA ISIYOGAWANYIKA OVYO.

Vile vijigae themanini na kimoja, fomu ya nakala nne ilikuwa inaonyesha kwamba vimekwisha kuangamizwa, kwa hiyo chuo hakikuweza kuvipokea. Mama Mraba alivirudisha koponi na kwenda navyo nyumbani. Viko jikoni sasa, tisa kwa tisa, vimeziba lile tundu la mume na kuenea kidogo pembeni ili asijisikie kalengwa.

Kesho yake watu mia sita walijaa. Viti vililetwa asubuhi, vya chuma, miguu mitupu bila hata mpira, na Mama Mraba aliyepewa nafasi ya mbele alikaa ukingoni mwa kiti chake huku jicho likitembea chini kama paka aliyesikia kitu. Hotuba zikapita. Waziri alisema chuo hakigawanyiki. Makundi matano ya wahadhiri yalipiga makofi, kila moja kwa wakati wake. Profesa Baki alisimama, akaeleza kosa lake lote mbele ya watu, duara la kikombe na yote, kwa ushujaa ambao hakuna aliyeutarajia, akashangiliwa kuliko waziri.

Mwisho Mkuu wa Chuo akashika kipaza sauti. Alisema kwamba mbele yao ameketi mwanamke ambaye, bila kalamu, bila karatasi, kwa magoti, aliiuliza namba swali ambalo kamati nzima haikuliuliza, na namba ikamjibu. Alisema elimu imetambaa juu ya sakafu hii. Alisema vizazi vitapita hapa na kujua. Watu wote mia sita walisimama kwa kishindo, wakavisukuma viti nyuma, makofi yakawa kama mvua kwenye bati, na mwandishi mmoja wa habari akapenya akamwekea Mama Mraba kinasa sauti chini ya kidevu. Makofi yakafa. Wakasubiri.

"Mama," aliuliza mwandishi, "una ujumbe gani kwa taifa?"

Mama Mraba aliangalia chini, pale mguu wa kiti cha waziri ulipokuwa umesimama.

"Msiburute viti tu."